Ellen Terry: Safari ya Mtoto wa Jukwaani

Utangulizi

Msomaji wa Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare iliyofasiriwa na Julius Nyerere na kuchapishwa mwaka 1969, hukutana na Portia kitabuni. Humwona mwanamke aliyevaa joho la mwanasheria akiingia mahakamani na kuiokoa roho ya mtu kwa nguvu ya hoja. Mjadala wa darasani aghalabu huishia kwenye maudhui na lugha, na ni rahisi kusahau kwamba tamthilia huandikwa ili iigizwe, na kwamba kila mhusika huhitaji mwili na sauti ya mwigizaji ndipo awe hai. Katika Uingereza ya karne ya 19, mwigizaji aliyehusishwa zaidi na Portia alikuwa Ellen Terry.

Mwanamke huyu alipanda jukwaani akiwa na umri wa miaka 9 na akaendelea kuigiza hadi uzeeni. Wahenga walinena kuwa samaki mkunje angali mbichi, na maisha yake ni ushahidi wa methali hiyo. Hata hivyo, maisha hayo yanazua pia swali ambalo methali hailijibu: ustadi ambao mtoto huupata kwa kukunjwa na wakubwa huwa ni mali ya nani? Ilimchukua Ellen zaidi ya nusu karne kulipatia swali hilo jibu lake mwenyewe.

Kuzaliwa na malezi

Ellen Terry alizaliwa tarehe 27 Februari 1847 katika mji wa Coventry, Uingereza. Wazazi wake, Benjamin Terry na Sarah Ballard, walikuwa waigizaji waliozunguka mji hadi mji wakifuata kazi, na hata siku ya kuzaliwa kwake walikuwa katika nyumba ya kupanga, wala si kwao. Familia hiyo ilikuwa na watoto wengi, na kadhaa kati yao, wakiwemo Kate, Marion, Florence na Fred, waliingia katika uigizaji. Kwao sanaa ilikuwa kazi ya nyumbani kama vile uvuvi au uhunzi ulivyo kazi ya koo nyingine.

Ellen hakupelekwa shule. Baba yake ndiye aliyemfunza kusoma na kutamka. Alimsahihisha kila alipomeza silabi, hata matamshi yaliyo wazi yakawa tabia yake ya kudumu. Kwa hivyo alijifunza lugha kwanza kama kitu cha kusikika. Baadaye wahakiki walipomsifu kwa kuyatamka maneno ya Shakespeare kana kwamba ndiyo kwanza yanamjia akilini, walikuwa wakilisifu darasa lile la nyumbani bila kujua.

Chini ya Charles Kean

Mnamo tarehe 28 Aprili 1856, Ellen aliigiza kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa Princess's jijini London, uliokuwa chini ya Charles Kean na mkewe. Tamthilia ilikuwa The Winter's Tale, naye aliigiza Mamillius, mwana wa mfalme anayekufa kwa huzuni baada ya mama yake kusingiziwa uzinzi. Malkia Victoria alikuwa miongoni mwa hadhira. Ellen alikuwa amepewa kigari cha kuchezea akivute jukwaani. Akajikwaa kwenye mpini wake na kuanguka chali. Watu wakacheka, naye akaamini kwamba kazi yake imekwisha usiku ule ule ilipoanza. Haikuwa hivyo, kwani onyesho hilo liliendelea kwa siku 102 mfululizo.

Katika mwaka huo huo alipewa nafasi ya Puck, yule jini mtundu wa A Midsummer Night's Dream. Usiku mmoja, alipokuwa akichomoza kupitia mlango wa sakafuni mwa jukwaa, mlango ulifungwa kabla ya wakati na kuubana mguu wake. Dada yake Kate alipiga mguu sakafuni ili mfanyakazi aliyekuwa chini aufungue. Mfanyakazi akakosea ishara na kuubana zaidi. Kidole cha Ellen kilivunjika. Bi Kean alimwahidi kwamba akilikamilisha onyesho mshahara wake utaongezwa maradufu. Mtoto akafuta machozi na kumaliza maneno ya Puck. Ahadi ilitimizwa: badala ya shilingi 15 kwa wiki, akapata 30.

Kisa cha tatu kinafafanua zaidi mafunzo ya wakati huo. Mwaka 1858, akijiandaa kuigiza Arthur katika King John, Ellen alishindwa kuonyesha uchungu uliotakiwa. Bi Kean alimgombeza na kumpiga kofi. Mtoto alipoanza kulia akiwa katikati ya maneno yake, mwalimu alifurahi na kumwagiza aikumbuke sauti ile ile, pamoja na kila kilichotokea, ili aweze kuirudia mbele ya hadhira. Ellen mwenyewe alikisimulia kisa hiki baadaye bila chuki, na maishani mwake aliendelea kumheshimu Bi Kean kama mwalimu aliyemfaa sana. Hata hivyo, msomaji wa leo hawezi kukipita kisa hiki bila kutua. Mtoto alifundishwa kwamba maumivu yake ni malighafi, na kwamba kazi yake ni kuyahifadhi na kuyatoa yanapohitajika. Wakati huo hapakuwa na sheria ya kumkinga. Ni mwaka 1889 ndipo sheria ya Uingereza ya kuzuia ukatili kwa watoto ilipowakataza walio chini ya miaka 7 kutumiwa katika maonyesho, na kuwataka waliozidi umri huo lakini hawajafika 10 wapate kibali cha mahakama.

Ndoa, kimya na kurejea

Mwaka 1859 akina Kean waliuacha ukumbi ule. Ellen akazunguka na baba yake na Kate wakitoa michezo mifupi, kisha akafanya kazi mjini Bristol na katika ukumbi wa Haymarket, London. Mwezi Februari 1864, wiki moja kabla ya kutimiza miaka 17, aliolewa na mchoraji mashuhuri George Frederic Watts aliyekuwa na miaka 46. Watts alimchora mara kadhaa. Katika mchoro mmoja maarufu wa mwaka huo, Ellen anaonekana akinusa ua kubwa lisilo na harufu huku mkononi ameshika maua madogo yenye harufu nzuri. Mchoro huo umedumu, lakini ndoa ilivunjika kabla ya mwaka kuisha, na msichana akarudishwa kwa wazazi wake.

Mwaka 1868 alifanya uamuzi ulioishtua jamii ya wakati huo: aliiacha kazi na kwenda kuishi kijijini na msanifu majengo Edward William Godwin bila ya ndoa. Huko alizaa watoto wawili, Edith mwaka 1869 na Edward Gordon mwaka 1872. Kwa miaka 6 hakuonekana jukwaani. Alifuga kuku na bata, akatunza farasi, akalea wanawe. Baadaye aliukumbuka wakati huo kuwa wenye raha nyingi, ingawa fedha zilikuwa haba na madeni yakazidi.

Alirudi jukwaani kwa ajali ya barabarani. Gurudumu la gari lake la farasi lilikuwa limeharibika njiani, na miongoni mwa wawindaji waliokuwa wakipita akatokea Charles Reade, mwandishi na mtayarishaji aliyemfahamu tangu zamani. Reade alimtaka arejee. Ellen, aliyejua hali ya nyumbani kwake, akataja pauni 40 kwa wiki, naye Reade akakubali papo hapo. Mtoto aliyeongezewa shilingi 15 kwa kuvumilia kidole kilichovunjika sasa alikuwa mwanamke wa miaka 27 anayejipangia bei yake mwenyewe.

Portia na ukumbi wa Lyceum

Mwezi Aprili 1875 Ellen aliigiza Portia kwa mara ya kwanza, katika ukumbi wa Prince of Wales's. Onyesho hilo lilikosa watazamaji wa kutosha na likafungwa baada ya majuma machache, kwani aliyeigiza Shylock hakuwaridhisha watu. Lakini Portia wake alikumbukwa. Wakati huo Godwin alikuwa akimwacha, naye Ellen alibaki na watoto wawili wa kulea kwa kazi yake. Aliwahi kuolewa tena mwaka 1877, na mwigizaji Charles Kelly, lakini ndoa hiyo nayo ilivunjika baada ya miaka michache.

Mwaka 1878 Henry Irving alimwita kuwa mwigizaji mkuu wa kike katika ukumbi wake wa Lyceum. Alianza na Ophelia tarehe 30 Desemba 1878, na kuanzia Novemba 1879 wawili hao wakaigiza The Merchant of Venice kwa maonyesho 250. Irving alimsawiri Shylock kama mtu mwenye hadhi aliyeonewa, akamwigiza kwa utulivu. Jambo hili lilimlazimu Ellen abadilishe uigizaji wake katika tukio la mahakamani, maana Portia aliyezoea kumwigiza hakuoana na Shylock wa namna hiyo. Hapa pana funzo kwa mwanafunzi wa tamthilia: maana ya mhusika haikai katika maneno yake peke yake, bali huzaliwa pia katika uhusiano wake na mhusika anayesimama mbele yake.

Ushirikiano huo ulidumu zaidi ya miaka 20 na kuwafikisha Marekani mara kadhaa kuanzia 1883. Ellen alilipwa hadi pauni 200 kwa wiki, kiwango ambacho wanawake wachache sana nchini mwake walikipata kwa jasho lao. Mwaka 1888 aliigiza Lady Macbeth, mhusika ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamfahamu kupitia Makbeth, tafsiri ya S. S. Mushi ya mwaka 1968. Tangu enzi za Sarah Siddons, hadhira ilizoea kumwona mke huyu kama dubwana lisilo na huruma. Ellen aliusoma mswada wake akiandika pambizoni, akahitimisha kwamba ni mke anayempenda mumewe kupita kiasi na anayevunjika chini ya uzito wa jambo alilolichochea. Wahakiki waligawanyika. Vazi lake la kijani, lililonakshiwa kwa mabawa ya mbawakavu, lilimvutia mchoraji John Singer Sargent, ambaye picha yake ya mwaka 1889 ingali inatazamwa katika jumba la Tate, London.

Pamoja na fahari hiyo, Lyceum ilikuwa mali ya Irving. Yeye ndiye aliyechagua tamthilia, na alichagua zile zilizokuwa na nafasi kubwa kwake. Ellen alitamani sana kumwigiza Rosalind wa As You Like It, mhusika aliyeonekana kana kwamba alitungwa kwa ajili yake. Hakuwahi kupata nafasi hiyo, kwa kuwa tamthilia hiyo haikuwa na mhusika mkuu wa kumfaa Irving. Mtaalamu aliyejua maneno ya Rosalind alizeeka bila kuyatamka katika onyesho kamili.

Kuisema sanaa kwa sauti yake

Ushirikiano wa Lyceum ulimalizika mwaka 1902, na Irving akafariki mwaka 1905. Mwaka 1906 London ilisherehekea miaka 50 ya Ellen jukwaani kwa onyesho kubwa lililofanyika katika ukumbi wa Drury Lane. Katika mwaka huo pia aliigiza Lady Cicely katika tamthilia aliyoandikiwa na George Bernard Shaw, rafiki yake wa barua kwa miaka mingi. Mwaka 1907 aliolewa na mwigizaji wa Kimarekani James Carew, ndoa ambayo pia haikudumu. Mwaka 1908 alichapisha tawasifu yake, The Story of My Life.

Kuanzia mwaka 1910, akiwa na zaidi ya miaka 60, alianza kazi mpya: kutoa mihadhara kuhusu Shakespeare. Alizunguka Uingereza, Marekani na, katika miaka ya 1914 na 1915, Australia. Mtu ambaye hakuwahi kukaa darasani sasa aliwafundisha wengine. Alijadili wanawake washindi, Portia akiwa miongoni mwao, na kudai kwamba Shakespeare aliwatetea wanawake kwa kuwapa ujasiri na akili. Alijadili pia wanawake wanaoteseka, na hata barua zinazosomwa ndani ya tamthilia. Vilevile aliigiza vipande vya nafasi alizozichambua, na hivyo uhakiki na uigizaji vikawa kitu kimoja.

Mhadhara mmojawapo ulihusu watoto katika tamthilia za Shakespeare. Wahakiki wengi walikuwa wakiwapita watoto hao haraka wakiwahi kwa wafalme na malkia. Ellen alikuwa na hoja ambayo hakuna profesa aliyekuwa nayo: alikuwa amewahi kuwa Mamillius, Puck na Arthur, akiwa na umri wao. Maarifa yaliyoingizwa mwilini mwake kwa kofi na kwa kidole kilichovunjika aliyageuza kuwa fikra, akayatoa kwa hiari yake, kwa maneno yake mwenyewe. Mihadhara hiyo ilichapishwa mwaka 1932, baada ya kifo chake.

Hitimisho

Ellen Terry aliigiza Shakespeare kwa mara ya mwisho mwaka 1919, akiwa yaya wa Juliet katika Romeo and Juliet. Mwaka 1925 alitunukiwa nishani ya kifalme iliyompa hadhi ya Dame. Alifariki tarehe 21 Julai 1928 nyumbani kwake Smallhythe, akiwa na miaka 81. Binti yake Edith aliifungua nyumba hiyo kwa umma, na vazi la mabawa ya mbawakavu limehifadhiwa humo. Mwanawe Edward Gordon Craig alikuwa mmoja wa wananadharia wakubwa wa ubunifu wa jukwaa katika karne ya 20.

Sauti yake jukwaani ilipita pamoja na waliomsikia, kama ilivyo desturi ya sanaa za maonyesho. Kilichosalia ni maandishi yake, nayo yanamstahilia nafasi miongoni mwa wahakiki wa Shakespeare, si miongoni mwa waigizaji tu. Samaki alikunjwa angali mbichi, na waliomkunja walifaidika naye kwa muda mrefu. Hata hivyo, uzeeni aliyarudia majukumu ya utoto wake na kuyaeleza jinsi yeye alivyoyafahamu, na maelezo hayo hayakuwa ya Kean wala ya Irving, bali yake.