Al-Khwarizmi: Kutoka hesabu za mirathi Baghdad hadi darasa la kompyuta Tunguu

Na Mwandishi Wetu, Zanzibar

KILA mwaka wa masomo unapoanza huko Tunguu, Mkoa wa Kusini Unguja, wanafunzi wapya wa fani ya kompyuta hukutana na neno ambalo wengi wao hulichukulia kuwa ni la Kizungu. Neno hilo ni algorithimu.

Hufundishwa mapema, kabla mwanafunzi hajaandika programu yoyote ya maana. Algorithimu ni utaratibu wa hatua zinazofuatana, kila hatua ikiwa wazi kiasi kwamba anayeitekeleza halazimiki kukisia, na zote kwa pamoja zikiwa na mwisho. Kutafuta namba kubwa kuliko zote katika orodha ni algorithimu. Kupanga majina ya darasa zima kuanzia A hadi Z ni algorithimu nyingine.

Tunguu ndiko iliko kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kufundisha mwaka 2001. Huko huko kipo pia Chuo Kikuu cha Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 1998. Kwa hiyo neno hilo hutamkwa Tunguu pengine mara nyingi zaidi kuliko mahali pengine popote kisiwani.

Hata hivyo, asili yake si Uzunguni. Ni jina la mtu. Mtu huyo ni Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad takriban miaka 1,200 iliyopita, na ambaye sehemu ndefu kuliko zote ya kitabu chake mashuhuri ilihusu jambo ambalo kila familia ya Unguja inalifahamu: namna ya kugawa mali ya marehemu.

Al-Khwarizmi alizaliwa karibu na mwaka 780. Nisba yake inauelekeza ukoo wake Khwarizm, nchi iliyo kusini ya Bahari ya Aral, ambayo leo imegawanyika baina ya Uzbekistan na Turkmenistan. Kazi zake zote zinazojulikana alizifanya Baghdad, mji uliokuwa umejengwa na Khalifa al-Mansur mwaka 762 na ambao katika muda mfupi ulikuwa miongoni mwa miji mikubwa kabisa duniani.

Ujana wake haukupita katika utulivu. Baada ya kufariki Khalifa Harun al-Rashid mwaka 809, wanawe wawili, al-Amin na al-Ma'mun, walipigania utawala, na Baghdad ilizingirwa na kuharibiwa vibaya kabla ya al-Amin kuuawa mwaka 813. Aliyeshinda, al-Ma'mun, ndiye aliyekuwa mlezi wa wanazuoni. Katika Nyumba ya Hekima, taasisi iliyoshamiri chini yake, vitabu vya Kiyunani, Kihindi na Kiajemi vilitafutwa, vikafasiriwa kwa Kiarabu na kujadiliwa. Al-Khwarizmi alikuwa mmoja wa waliofanya kazi humo.

Zama hizo si ngeni kwa kisiwa hiki kama inavyodhaniwa. Unguja Ukuu, bandari kongwe iliyo kusini ya Tunguu, ilikuwa ikifanya biashara na nchi za Ghuba wakati al-Khwarizmi yu hai. Watafiti wamefukua huko vigae vya vyombo kutoka upande wa Iraq, na katika karne ya 19 iligunduliwa akiba ya sarafu za dhahabu ambamo sarafu iliyotambuliwa ilikuwa dinari ya Bani Abbas ya enzi za Harun al-Rashid.

Kitabu kilichompa umaarufu alikiandika baina ya mwaka 813 na 833, na kilihusu hesabu kwa njia ya al-jabr na al-muqabala. Kutokana na neno la kwanza kati ya hayo mawili, dunia ikapata somo la aljebra. Katika dibaji yake mwandishi anaeleza kwamba alihimizwa na al-Ma'mun kuandika muhtasari wa yale ambayo watu huyahitaji katika mirathi, wasia, ugawaji, kesi, biashara, upimaji wa ardhi na uchimbaji wa mifereji. Kilikuwa kitabu cha watu wenye shughuli zao.

Anayekifungua leo huenda akashangaa. Hakuna alama yoyote ya hesabu ndani yake, hakuna herufi inayosimama badala ya namba. Kila kitu kimeelezwa kwa maneno. Idadi isiyojulikana huiita mzizi, na mzizi ukizidishwa kwa nafsi yake huuita mali, neno lile lile tunalolitumia sisi.

Mfano wake unaojulikana zaidi ni huu: mali moja ukijumlisha na mizizi yake 10 unapata 39. Je, mzizi ni ngapi? Jibu halitolewi kwa mkato. Mwandishi anamshika msomaji mkono. Chukua nusu ya idadi ya mizizi, ambayo ni 5. Izidishe kwa nafsi yake, upate 25. Jumlisha na 39, iwe 64. Tafuta namba ambayo ikizidishwa kwa nafsi yake huzaa 64, nayo ni 8. Ondoa ile nusu ya mizizi, yaani 5. Inabaki 3, na hiyo ndiyo mzizi. Mali ni 9.

Baada ya hapo anachora mraba na kuuongezea vipande ili kuonyesha kwa macho kwa nini hatua hizo haziwezi kukosea. Aidha, anaigawa milinganyo ya namna hiyo katika mafungu sita, na kila fungu analipa utaratibu wake. Mtu akishatambua shida yake ni ya fungu gani, hana haja ya ubunifu tena. Anafuata hatua tu mpaka mwisho. Mwanafunzi wa Tunguu anayeiagiza kompyuta ichunguze sharti fulani kwanza, kisha ichague njia moja kati ya kadhaa, anafanya jambo hilo hilo.

Lakini ni katika sehemu ya wasia na mirathi ndipo faida ya mpangilio wa hatua inapoonekana vizuri zaidi, kwa sababu hapo kosa lina mwenyewe anayelilipa.

Moja ya maswali ya kitabu hicho ni la mwanamke aliyefariki na kuacha mume, mtoto mmoja wa kiume na mabinti watatu. Kabla ya kufa aliusia kwamba mtu asiyekuwa mrithi wake apewe thumni na subui ya mali yote, yaani sehemu moja ya nane na sehemu moja ya saba.

Njia ya kulitatua ni kulivunja katika maswali madogo. Kwanza wasia. Namba inayogawanyika kwa 8 na kwa 7 ni 56. Thumni yake ni 7 na subui yake ni 8, jumla 15. Zinabaki 41 kwa ajili ya warithi. Pili warithi wenyewe. Mume ana robo, na kinachobaki ni cha watoto, mwanamume akipata mafungu mawili kwa kila fungu moja la mwanamke. Namba inayowatosha bila vipande ni 20: mume 5, mwana 6, kila binti 3. Kwa kuwa 41 haigawanyiki kwa 20, zidisha 56 kwa 20. Mali yote sasa ni mafungu 1,120. Mwenye wasia anapata 300, mume 205, mwana 246 na kila binti 123.

Anayetaka kuhakikisha na ajumlishe. Hakuna fungu linalopotea.

Sasa hebu hatua mbili zibadilishwe nafasi. Mgawaji aanze kwa kumpa mume robo ya mali yote, kisha ndipo autoe wasia. Mume atachukua mafungu 280 badala ya 205, na mafungu 75 yatakuwa yametoka mikononi mwa watoto wanne bila mtu yeyote kuwa na nia ya kuwadhulumu. Kila hesabu ndogo itakuwa sahihi. Kilichoharibika ni mfuatano. Makosa ya namna hii ndiyo yanayowatesa sana wanaojifunza kuandika programu, kwani kompyuta hutekeleza hatua zilizopangwa vibaya kwa kasi ile ile na utii ule ule, na hutoa jibu bila kusita.

Visiwani Zanzibar mirathi ya Waislamu bado hugawiwa kwa kanuni hizo, mbele ya Mahakama za Kadhi na kupitia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Kazi ya pili iliyolibeba jina lake ilihusu namba zenyewe. Al-Khwarizmi aliandika kitabu kueleza namna Wahindi wanavyohesabu kwa tarakimu tisa na kiduara kidogo cha kushika nafasi iliyo tupu. Waarabu walikiita kiduara hicho sifr, yaani kitupu, na Waswahili wakapata sifuri. Matini ya Kiarabu ya kitabu hicho yamepotea. Kilichobaki ni tafsiri za Kilatini zilizofanywa Ulaya katika karne ya 12, na moja yazo inaanza kwa kulitaja jina lake katika matamshi ya Kilatini: Algorizmi.

Hapo ndipo mtu alipoanza kugeuka neno. Wasomaji wa Ulaya walilichukua jina hilo kuwa ndilo jina la hesabu yenyewe, na vizazi vilivyofuata vikasahau kabisa kwamba kulikuwa na binadamu nyuma yake. Wapo waliodhani limetokana na mfalme aitwaye Algor. Hesabu hiyo mpya nayo haikupokewa kwa furaha kila mahali. Mwaka 1299 chama cha wabadili fedha wa Florence, Italia, kiliwakataza wanachama wake kuandika tarakimu hizo katika vitabu vya hesabu.

Alishughulika pia na elimu ya nyota, akatunga majedwali ya mwendo wa jua, mwezi na sayari, na akaandika kitabu cha jiografia chenye orodha ya miji, milima, mito na bahari pamoja na vipimo vya mahali pake. Nakala moja tu ya kitabu hicho imesalia, nayo imehifadhiwa Strasbourg, Ufaransa.

Haifai kumpa sifa zisizo zake. Hesabu za hatua kwa hatua zilikuwapo Babeli kabla yake, na Mgiriki Euclid aliandika karibu mwaka 300 kabla ya Kristo njia ya kutafuta kigawo kikubwa cha shirika cha namba mbili, ambayo mpaka leo hufundishwa katika madarasa ya kompyuta. Alichokifanya al-Khwarizmi ni kuziweka hatua hizo mahali pamoja, kwa lugha ambayo karani angeweza kuifuata.

Juu ya siku zake za mwisho kuna kisa kinachosimuliwa na mwanahistoria Tabari. Mwaka 847 Khalifa al-Wathiq alipokuwa mgonjwa mahututi, wanajimu waliitwa kumwangalia nyota yake. Wakamtabiria miaka 50 mingine ya kuishi. Alifariki baada ya siku 10. Jina la al-Khwarizmi limo katika orodha ya walioitwa, likifuatwa na sifa ya Majusi, jambo lililowafanya baadhi ya watu kudai kwamba hakuwa Mwislamu. Dibaji ya kitabu chake inaonyesha vingine, na wataalamu wengi wanaona kwamba mnakili alidondosha herufi moja, ile yenye maana ya "na", akawaunganisha watu wawili wakawa mmoja. Wanaoandika programu wanajua herufi moja iliyodondoka inaweza kufanya nini.

Inakadiriwa kwamba alifariki karibu na mwaka 850. Heshima zilimfikia kwa kuchelewa: Septemba 1979 wataalamu wa kompyuta, akiwamo Mmarekani Donald Knuth, walikutana Urgench, katika nchi ya asili ya ukoo wake, kujadili algorithimu, na mwaka 1983 Umoja wa Kisovieti ulitoa stempu yenye sura yake kuadhimisha miaka 1,200 tangu azaliwe. Sura hiyo ni ya kubuni, kwa kuwa hakuna picha yake iliyopata kuchorwa enzi zake.

Kitabu cha al-jabr chenyewe kilinusurika. Nakala yake ya Kiarabu iliyoandikwa kwa mkono mwaka 1342 imo katika maktaba ya Bodleian mjini Oxford, Uingereza, na ndiyo iliyochapwa London mwaka 1831 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, swali la mume, mwana na mabinti watatu likiwa ndani yake.