Daktari aliyerudisha lenzi ndani ya jicho

Kama wewe, mama yako au babu yako amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho na akaona tena, kuna uwezekano mkubwa kwamba ndani ya jicho lile kimo kipande kidogo cha plastiki angavu kitakachokaa humo maisha yake yote. Aliyeweka cha kwanza aliitwa Harold Ridley, na kwa zaidi ya miaka 20 wakubwa wengi wa fani yake walimwona mtu wa hatari.

Tuelewane kwanza. Mtoto wa jicho si ngozi inayoota juu ya jicho kama wengi wanavyodhani. Nyuma ya mboni kila mmoja wetu ana lenzi, angavu kama maji, inayokusanya mwanga na kuuelekeza nyuma ya jicho. Uzee, kisukari au kuumia huitia lenzi hiyo ukungu, na wapo wanaozaliwa nao. Hakuna dawa ya matone inayouondoa, na hili naomba ulishike kwa sababu matone ya kudanganyia watu yanauzwa. Lenzi yenye ukungu hutolewa kwa upasuaji.

Ridley alizaliwa mwaka 1906 huko Leicestershire, Uingereza, mtoto wa daktari wa macho. Alisoma Cambridge, akafunzwa udaktari Hospitali ya St Thomas' jijini London, kisha akawa daktari bingwa hapo na Moorfields. Enzi hizo upasuaji ulitoa lenzi, basi. Mgonjwa aliondoka na jicho tupu na miwani minene kama kitako cha chupa, inayokuza vitu na kuficha vya pembeni. Aliyefanyiwa jicho moja ndiye aliyepata tabu zaidi: jicho hili liliona kikombe kikubwa, lile likaona kidogo, na ubongo ukashindwa kuviunganisha. Kwa Ridley, hiyo ilikuwa tiba nusu.

Vita ndivyo vilivyompa jibu. Agosti 1940 rubani wa Uingereza, Gordon Cleaver, alipigwa risasi angani, na plastiki iliyofunika chumba chake ikapasuka. Vipande vikamwingia machoni. Jicho moja likapofuka, na kwa ajili ya uso na macho yake alipasuliwa mara 18. Ridley alikuwa miongoni mwa waliomtibu. Unajua mwenyewe punje ya mchanga inavyolifanya jicho liwe jekundu na kutoa machozi. Lakini vipande vile vilikaa ndani ya jicho lililobaki mwaka baada ya mwaka, na jicho likatulia kana kwamba halina mgeni.

Vita hivyo hivyo vilimfikisha Afrika. Kaskazini mwa Ghana, iliyoitwa Gold Coast wakati huo, alichunguza macho ya watu wenye usubi, ugonjwa ambao wasomaji wetu wa Mahenge wanaujua vizuri. Ripoti yake ilitoka mwaka 1945 na ilisaidia sana kuelewa jinsi usubi unavyopofusha.

Aliporudi London, mwanafunzi mmoja aliyekuwa akitazama upasuaji alimuuliza kwa nini lenzi iliyotolewa hairudishiwi nyingine. Swali la kitoto, ungedhani. Ridley akaagiza lenzi ya plastiki ya aina ile ile ya ndege, ila iliyosafishwa zaidi, na tarehe 29 Novemba 1949 akaanza na mwanamke wa miaka 45. Lenzi ya kudumu aliiweka Februari 1950. Yote yalifanyika kimya kimya. Hesabu ya nguvu ya lenzi ilikosewa, ikawa kali mno, na mgonjwa akahitaji miwani ya kuonea mbali. Lakini jicho liliikubali lenzi.

Mwaka 1951 aliwapeleka wagonjwa wake mbele ya mkutano wa madaktari wa macho huko Oxford. Sir Stewart Duke-Elder, daktari wa macho mwenye sauti kuliko wote Uingereza, alikataa hata kuwapima. Tusiwalaumu mno wapinzani: maisha yao yote walikuwa wakitoa vitu jichoni, na huyu alikuwa anatia. Tena baadhi ya lenzi za Ridley ziliteleza zikadondoka ndani, baadhi ya macho yalivimba au kupata presha ya macho, na nyingine zikalazimika kutolewa. Hata hivyo, kukataa kumtazama mgonjwa ni jambo jingine.

Hapa niseme na mzazi. Ukiona weupe kwenye mboni ya mwanao, hata kama ni kwenye picha tu, mpeleke hospitali wiki hii. Huenda ni mtoto wa jicho, huenda ni saratani ya jicho. Ubongo wa mtoto hujifunza kuona katika miaka ya mwanzo, na jicho lililofunikwa muda mrefu huwa halirudi sawa hata likipasuliwa vizuri. Kwa mtoto mchanga madaktari wengi huchelewesha kuweka lenzi kwa kuwa jicho bado linakua, hivyo atavaa ile miwani minene ya zamani. Usiifiche kabatini kwa kuogopa macho ya majirani. Na ujue kuwa lenzi hii haiponyi presha ya macho wala mishipa iliyokufa.

Ridley alistaafu mwaka 1971 akiwa bado hajakubalika. Lenzi zikaendelea kuboreshwa na wengine, zikawa nyepesi, na mwaka 1981 Marekani ikaziidhinisha rasmi. Mwaka 1986 akachaguliwa kujiunga na jumuiya kuu ya wanasayansi wa Uingereza. Miaka minne baadaye alipata mtoto wa jicho yeye mwenyewe, akaenda St Thomas', hospitali ile ile, akawekewa lenzi na kuona tena. Februari 2000 Malkia alimpa cheo cha Sir, akiwa na miaka 93. Alifariki dunia tarehe 25 Mei 2001.