Nyerere, mwalimu aliyetaka mwanafunzi azungumze

Tangu mwaka wa 2019, serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipoanza kutekeleza masomo ya bure katika shule za msingi za serikali, watoto wengi waliokuwa wakifukuzwa kwa kukosa pesa wamerudi darasani. Wazazi walifurahi. Lakini kutoka Kapalata, hapa Kisangani, hadi Goma na Bukavu, walimu wanajua upande wa pili wa habari hiyo: watoto wamejaa kwenye mabenchi, vitabu havitoshi, na mara nyingi somo linabaki kuwa mwalimu anayeandika ubaoni na watoto wanaonakili. Daftari linajaa, lakini mtoto akiulizwa aeleze kwa maneno yake mwenyewe, ananyamaza.

Nchi jirani ya Tanzania ilipambana na shida hiyo zaidi ya miaka 50 iliyopita. Aliyeongoza mapambano hayo alikuwa mwalimu wa kazi kabla ya kuwa rais. Wengi mashariki mwa Kongo wanamkumbuka Julius Kambarage Nyerere kwa ajili ya uhuru, siasa ya Ujamaa, vita dhidi ya Idi Amin na mazungumzo ya amani ya Burundi. Wachache wanakumbuka kwamba swali lililomfuata maisha yake yote lilikuwa la darasani: mtu anajifunza namna gani?

Kutoka kuchunga mbuzi hadi Makerere

Nyerere alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 huko Butiama, karibu na ziwa Victoria. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki, kabila dogo. Mama yake, Mgaya, alikuwa mmoja wa wake wengi wa chifu huyo. Mtoto Kambarage alikua kama watoto wengine wa kijiji: alichunga mifugo, alilima na mama yake, na alisikiliza wazee wakizungumza. Hakuna aliyemwandikia ubaoni. Alijifunza kwa kutazama, kwa kujaribu, na kwa kurekebishwa alipokosea. Baadaye, akiwa rais, aliandika kwamba Waafrika walikuwa na elimu kabla ya kuja kwa shule za wakoloni, na kwamba elimu hiyo ilipatikana kwa kuishi na kutenda.

Alianza shule akiwa na umri wa miaka 12, mwaka wa 1934, katika shule ya Mwisenge mjini Musoma, kiasi cha kilomita 40 kutoka kwao. Alimaliza kwa miaka mitatu masomo yaliyopangwa kwa miaka minne. Mwaka wa 1937 akaingia shule ya serikali ya Tabora, na mwaka wa 1943 akaenda chuo cha Makerere, Uganda, kusomea ualimu. Alipokuwa huko aliandika insha iliyopata zawadi. Alichukua mawazo ya mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill juu ya hali ya wanawake, akayapima kwa maisha ya wanawake wa Kizanaki aliowajua tangu utoto. Hakuyanakili tu. Njia hiyo ya kuanzia kwenye jambo mtu analolijua, kisha kulichunguza kwa akili mpya, ndiyo aliyoitetea baadaye kwa nchi nzima.

Mwalimu wa Tabora na Pugu

Mwaka wa 1946 Nyerere alirudi Tabora na kuanza kufundisha katika shule ya Saint Mary's, iliyokuwa mikononi mwa Mapadri Weupe, wale wale wanaojulikana sana Bukavu na Kalemie. Mwaka wa 1949 alipata nafasi ya kwenda chuo kikuu cha Edinburgh, Uskoti, akarudi mwaka wa 1952 na shahada. Mwaka uliofuata alimwoa Maria Gabriel, na akaanza kufundisha katika shule ya Saint Francis, Pugu, karibu na Dar es Salaam.

Pugu ndiko alikokuwa akifundisha wakati chama cha TANU kilipoundwa, tarehe 7 Julai 1954, naye akawa rais wake. Alikuwa na wanafunzi siku za kazi na mikutano ya siasa katika muda uliobaki. Hali hiyo haikudumu. Mwezi wa Machi 1955, baada ya kusafiri hadi New York kuitetea Tanganyika mbele ya Umoja wa Mataifa, alilazimika kuchagua kati ya ualimu na siasa. Aliacha kazi, akaacha na mshahara. Jina la Mwalimu halikumwacha. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na hata alipokuwa rais mwaka mmoja baadaye, watu walizidi kumwita hivyo.

Alipokuwa rais aliendelea na kazi ya lugha. Alitafsiri kwa Kiswahili tamthilia mbili za Shakespeare, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Wapo waliodhani kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba mawazo mazito, na tafsiri hizo ziliwajibu.

Shule ya kujitegemea

Mwezi wa Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga sheria iliyowataka wafanye utumishi wa taifa kwa malipo madogo. Nyerere alikasirika. Mamia ya wanafunzi walirudishwa makwao, naye akapunguza mshahara wake mwenyewe. Kwake, maandamano hayo yalionyesha kwamba shule iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni ilikuwa inatengeneza kundi la watu wanaojiona bora kuliko wakulima waliowalipia masomo.

Miezi michache baadaye, mwezi wa Machi 1967, alitoa kijitabu kinachoitwa Elimu ya Kujitegemea. Alionyesha kwamba watoto takriban 13 tu kati ya 100 waliomaliza shule ya msingi walipata nafasi ya sekondari. Wale wengine walirudi kijijini wakijiona wameshindwa, kwa sababu shule ya msingi ilikuwa imewatayarisha kwa mtihani na si kwa maisha.

Alichopendekeza kilikuwa wazi. Kila shule iwe na shamba au karakana. Wanafunzi washiriki kupanga kazi, kuweka hesabu, kugundua kwa nini mahindi hayakuota vizuri, na kuamua pamoja mapato yatumiwe namna gani. Wakikosea, kosa hilo liwe somo. Hesabu, sayansi na kuandika vingetoka kwenye kazi hiyo hiyo. Alitaka pia mtihani usiwe kipimo pekee cha mtoto.

Mawazo hayo yalikuwa na mfano hai. Huko Litowa, upande wa Songea, wakulima waliojiunga katika chama cha maendeleo cha Ruvuma walikuwa wameanzisha vijiji vya ushirika na shule yao wenyewe. Watoto walilima, walisoma na kujadili maisha ya kijiji chao. Nyerere aliipenda shule hiyo na kuichukua kama mfano.

Radio, kikundi na choo

Kazi yake kubwa zaidi ilikuwa kwa watu wazima. Wakati wa sensa ya 1967, karibu watu wazima wawili kati ya watatu hawakujua kusoma na kuandika. Nyerere aliutangaza mwaka wa 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na wilaya 6, zikiwemo Mafia na Ukerewe, zikapewa lengo la kumaliza ujinga wa kusoma kabla ya wengine. Madarasa yalifunguliwa chini ya miti, makanisani, viwandani. Walimu wa shule za msingi walifundisha wakubwa jioni, na mahali pengine vijana waliojua kusoma waliwafundisha wazazi.

Katika mikoa ya kandokando ya ziwa Victoria, Tanzania ilishirikiana na UNESCO kutayarisha vitabu vilivyofuata kazi ya msomaji. Mlima pamba alijifunza herufi kwa maneno ya pamba. Mvuvi alisoma juu ya uvuvi, na mwenye migomba juu ya ndizi. Mtu alikuja darasani akiwa tayari anajua jambo, na mwalimu alianzia hapo.

Mwaka wa 1973 ukaja mpango uliojulikana zaidi, Mtu ni Afya. Kwa majuma 12, watu kiasi cha milioni 2 walikutana katika vikundi vidogo kusikiliza radio. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepata mafunzo mafupi, na jumla ya viongozi hao ilifika makumi ya maelfu. Baada ya kipindi, kikundi kilisoma kijitabu, kisha kilizungumza: malaria inatoka wapi hapa kwetu? Kichocho je? Maji tunayokunywa yanatoka wapi? Mkutano haukuisha bila kuamua kitu cha kufanya. Watu walifukia madimbwi, walifyeka majani kandokando ya nyumba, walichemsha maji, na walichimba vyoo kwa mamia ya maelfu. Mwaka wa 1975 mpango wa pili, Chakula ni Uhai, ulifuata njia hiyo hiyo.

Matokeo yalipimwa. Mtihani wa taifa wa 1975 ulionyesha kwamba wasiojua kusoma wamepungua hadi asilimia 39. Mwaka wa 1986 walikuwa chini ya asilimia 10. Katika Afrika ya wakati ule, nchi chache zilifika hapo.

Pale amri ilipochukua nafasi ya mazungumzo

Hadithi ya Nyerere ina upande mwingine, nao unamhusu kila anayesimama mbele ya ubao. Mwezi wa Septemba 1969, viongozi wa TANU walikivunja chama cha Ruvuma. Wakulima wa Litowa walikuwa wamezoea kuamua wenyewe, na chama tawala hakikuvumilia. Shule iliyokuwa mfano wa rais ikakosa ulinzi wa rais.

Mwezi wa Novemba 1973, mwaka ule ule wa Mtu ni Afya, Nyerere aliamuru wakulima wote wawe wamehamia vijijini kabla ya mwisho wa 1976. Mamilioni ya watu walihamishwa. Wengi hawakuulizwa, na mahali pengine nyumba zilichomwa ili watu wasirudi. Mtu aliyefundisha kwamba maendeleo hayawezi kuletwa kwa nguvu aliacha serikali yake itumie nguvu. Kilimo kiliumia, na imani ya watu pia.

Shuleni pia mambo yalipinda. Mahali pengi shamba la shule likageuka kazi ya jembe tu: mwalimu anaamuru, watoto wanalima, mavuno yanakwenda wasikojua. Sehemu ya kupanga na kuamua, ambayo ndiyo ilikuwa somo lenyewe, ikaachwa. Mtihani ukabaki mlango pekee wa sekondari. Na sekondari yenyewe ikaendelea kufundisha kwa Kiingereza, ingawa shule ya msingi ilikuwa kwa Kiswahili. Mtoto aliyejua kujadili katika darasa la saba akawa bubu mwaka uliofuata.

Mwezi wa Novemba 1974, mjini Musoma, TANU iliamua kwamba kila mtoto aingie shule ya msingi ifikapo 1977. Walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza shule ya msingi walichukuliwa kufundisha huku wakijifunza ualimu kwa radio, kwa masomo ya posta na kwa msaada wa mwalimu mzoefu wa karibu. Watoto walijaa madarasani, lakini ubora wa masomo ulishuka. Wazazi wa Tshopo wanaweza kuitambua hali hiyo.

Alichoacha

Nyerere aliacha urais mwezi wa Novemba 1985, akakiri hadharani kwamba mambo kadhaa ya siasa yake hayakufaulu. Miaka iliyofuata, uchumi ulipoanguka na ada za shule kurudi, sehemu ya mafanikio ya elimu ilipotea. Alikuwa bado anaongoza mazungumzo ya Burundi mjini Arusha alipougua. Alikufa London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa kwao Butiama.

Kongo ina njia yake na shida zake. Mshahara wa mwalimu na ukosefu wa madarasa havitatatuliwa na mbinu ya kufundisha. Lakini sheria ya elimu ya Februari 2014 inaruhusu mtoto kuanza masomo kwa lugha ya taifa anayoijua, na kikundi cha watoto watano wanaojadili swali moja hakihitaji bajeti. Darasa la watoto wengi linaweza kugawanywa katika vikundi, kila kimoja na msemaji wake, kama vile vikundi vya radio vya 1973. Hesabu inaweza kuanzia bei ya mihogo sokoni, na somo la afya linaweza kwisha kwa kufukia dimbwi nyuma ya shule.

Maisha ya Nyerere yanaonyesha kwamba njia hiyo inafaulu hata katika nchi maskini. Yanaonyesha pia mahali inapovunjika: mwalimu, mkurugenzi wa shule au rais anapochoka kusikiliza majibu na kurudi kwenye amri.