Max Theiler, daktari wa chanjo ya homa ya manjano

Msafiri wa Hasamba anayepita Tunduma kwenda nchi za nje anaweza kuulizwa kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Leo tunawaletea maisha ya daktari aliyetengeneza chanjo hiyo.

Max Theiler alizaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1899. Baba yake alikuwa daktari wa mifugo. Max alisomea udaktari London, na mwaka 1922 akaenda kufanya utafiti katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Virusi vya homa ya manjano huenezwa na mbu, na zama hizo ugonjwa huo uliua hata watafiti waliouchunguza.

Mwaka 1929 Theiler mwenyewe aliugua. Alipona, na mwili wake ukabaki na kinga. Ilikuwaje? Virusi vikiingia, mwili huzalisha seli nyingi za kupambana navyo. Vita vikiisha, nyingi hufa, ila chache hubaki. Hizo tunaziita seli za kumbukumbu. Virusi vilevile vikirudi, huvitambua na kuongezeka haraka, hata mtu asiugue.

Theiler alitaka watu wapate kumbukumbu hiyo bila kuhatarisha maisha. Mwaka 1930 alihamia Rockefeller Foundation, New York. Yeye na wenzake walichukua virusi vilivyotoka kwa Asibi, mgonjwa wa Ghana wa mwaka 1927, wakavikuza mara nyingi katika tishu za vifaranga ambao hawajaanguliwa, mpaka vikapoteza ukali. Mwaka 1937 chanjo ya 17D ikatangazwa.

Theiler aligundua pia kwamba damu ya mtu aliyepona humkinga panya. Kwa kipimo hicho, watafiti wa Entebbe, Uganda, waliweza kujua nani Afrika Mashariki aliwahi kuambukizwa.

Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1951 na kufariki mwaka 1972. Chanjo yake ingali inatumika.

Kadi huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano ya kwanza, kwani mwili unahitaji muda wa kujifunza. Tangu Julai 2016, kanuni za kimataifa zinaitambua kwa maisha yote, si miaka 10 tena. Basi uliyechanjwa, itunze kadi yako. Na anayenunua kadi bila kuchanjwa ajue kwamba mbu hasomi karatasi.