Habari za Maisha ya Johannes Rebmann wa Rabai

Katika mji wetu wa Dar es Salaam, na hasa huku Kariakoo, faida huhesabiwa jioni. Mwenye duka hafungi mlango wake kabla ya kujua kama siku ile amepata au amepoteza, na mchuuzi wa nyanya vivyo hivyo. Si vibaya, ndiyo desturi ya soko. Lakini tumewasikia walimu wa Kanisa nao wakiipima kazi ya Mungu kwa kipimo hicho hicho: mwaka huu wamebatizwa wangapi, sadaka imefika kiasi gani, nao wakiona hesabu ni ndogo mioyo yao hulegea. Kwa ajili ya hao twapenda kueleza habari za mtu ambaye wengi wamemjua kwa sababu ya mlima mmoja tu, na miaka yake mingine yote wameiacha bila kuitazama.

Johannes Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika kijiji cha Gerlingen, nchi ya Württemberg, Ujerumani. Watu wake walikuwa wakulima, nalo Kanisa lililomlea ni la Kilutheri. Alisomea kazi ya Misioni huko Basel, Uswisi. Kisha akachukuliwa na Chama cha Misioni cha Kanisa la Uingereza, kwa maana siku zile Chama hicho kilikosa vijana wa kutosha, na Basel ilikuwa nao. Alishuka Mombasa mwezi wa Juni 1846, umri wake miaka 26.

Aliyempokea alikuwa Ludwig Krapf, naye Mjerumani wa Württemberg. Krapf alikuwa amekwisha kumzika mkewe na binti yake mchanga huko Mombasa mwezi wa Julai 1844. Basi Rebmann alijua tangu siku ya kwanza bei ya kazi ile. Mwezi wa Agosti wote wawili wakapanda kwenda kukaa Rabai, katika nchi ya Wanyika, ambao leo huitwa Wamijikenda. Nao walipanda hali wana homa, hata kutembea ilikuwa taabu.

Tarehe 27 Aprili 1848 Rebmann akashika njia kwenda Uchagani. Kiongozi wake alikuwa Bwana Kheri, pamoja na wapagazi wachache. Mwenyewe hakuchukua bunduki, alichukua mwavuli. Twaomba msomaji wa Kariakoo asiwapite upesi wale wapagazi. Jina la mtaa wetu latokana na kikosi cha wapagazi wa vita ya 1914 hata 1918, ambao wengi wao hawakuandikwa majina popote. Wale wa Rebmann nao hali yao ni hiyo hiyo: mzigo twaujua, mabega hatuyajui.

Tarehe 11 Mei 1848 aliona kitu cheupe juu ya kilele cha Kilimanjaro. Alimwuliza kiongozi, naye hakuwa na jina la kitu kile ila baridi. Rebmann, mtu wa nchi ya theluji, akatambua mara moja. Huko Kilema, Mangi Masaki alimpokea kwa wema. Lakini habari zilipofika Ulaya, bingwa mmoja wa London, William Desborough Cooley, ambaye hakukanyaga kamwe nchi ya Afrika, alisema kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani, na kwamba mmisionari yule ameona vibaya. Mabishano hayo yaliendelea zaidi ya miaka kumi, mpaka Baron von der Decken alipokwenda mwenyewe mwaka 1861 na tena 1862, akaipanda sehemu ya mlima na kuishuhudia theluji. Na hata hapo Cooley hakukubali.

Safari iliyomwumiza Rebmann zaidi ilikuwa ya tatu, mwaka 1849. Nia yake ilikuwa kuvuka Uchagani afike Unyamwezi. Alipofika Machame, Mangi Mamkinga, aliyempokea safari iliyotangulia, alimtoza vitu vyake kwa hongo juu ya hongo, hata akabaki hana cha kumwendesha mbele. Akarudi pwani mikono mitupu. Hakuiona Machame tena.

Baada ya hapo wenzake wakaanza kupungua. Wagner aliyefika mwaka 1849 alikufa mwaka huo huo. Krapf akaenda zake mwaka 1853, afya yake imevunjika. Erhardt akaondoka mwaka 1855. Yafaa tuseme kweli kwamba si homa peke yake iliyowatenganisha. Krapf alitaka vituo vya Misioni vipangwe kama mnyororo toka bahari hata bahari. Rebmann alipenda kukaa mahali pamoja na kulima shamba dogo. Walibishana, nasi hatuoni aibu kulisema, kwa maana hata Paulo na Barnaba walitengana. Wengi humsifu Krapf kwa ukubwa wa shauri lake, na ni haki yake. Ila sisi twaona kwamba shauri kubwa huhitaji mtu mmoja anayekubali kubaki nyumbani.

Ramani ya bara waliyoifanya Erhardt na Rebmann kwa habari za wasafiri wa pwani ilionyesha ziwa moja kubwa mno. Ilikuwa na makosa, lakini ndiyo iliyowaamsha Waingereza kuwatuma Burton na Speke. Hao walimtembelea Rebmann mwezi wa Januari 1857, wakataka afuatane nao. Hakwenda. Kama angalikwenda, pengine jina lake lingaliandikwa pamoja na majina ya wagunduzi wa Tanganyika na Nyanza. Mwaka huo huo Wamasai waliishambulia nchi ya Wanyika, ikambidi akimbilie Unguja kwa muda. Kisha akarudi Rabai kulekule.

Je, miaka hiyo yote alifanya nini? Alikusanya maneno. Kiswahili, Kinyika, na hata Kinyasa, ambacho alifundishwa huko pwani na Salimini, mtu wa nchi ya Nyasa aliyeletwa utumwani. Fikirini jambo hili: mtumwa akimfundisha mmisionari lugha ya nchi ambayo wote wawili hawawezi kuifikia. Kamusi ile ya Kinyasa ilichapwa mwaka 1877, na ya Kinyika mwaka 1887. Rebmann hakukishika mkononi hata kimoja cha vitabu hivi viwili.

Mwaka 1851 alimwoa Emma huko Misri, mwanamke hodari aliyefundisha na kusaidia kwa miaka kumi na mitano. Mtoto wao alikufa angali mchanga, na Emma mwenyewe akafa mwaka 1866. Tangu hapo Rebmann alikaa karibu peke yake. Macho yakaanza kufifia. Wageni waliomfikia miaka ile walimwona mzee mwenye huzuni, aliyesahau mambo ya Ulaya, asiyetaka kuondoka. Wengine walidhani kazi yake imekufa na yeye hajatambua.

Wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, kiwete, naye alikufa mara baada ya kubatizwa. Akafuata Abe Gunja, kisha wengine, mmoja mmoja. Bwana Salter Price alipofika mwisho wa mwaka 1874 kuanzisha kijiji cha watumwa walioachwa huru, kiitwacho Freretown, aliwakuta Wakristo wapata kumi hivi. Miaka 28, watu kumi. Mfanya biashara yeyote wa mtaa wetu angalifunga duka zamani.

Lakini hao kumi hawakuwa watu wa kuletwa na mavuno ya mara moja. Rabai ikawa na kanisa, na watumwa waliotoroka mashamba ya pwani wakaikimbilia, hata mwanzo wa mwaka 1889, katika Rabai na vituo vya Misioni vilivyo jirani, zaidi ya watu 1,400 walikombolewa kwa fedha wakapewa hati za uhuru. Na Machame, ambako Rebmann alinyang'anywa mali yake, ndiko wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walikoanzia kazi Uchagani mwaka 1893. Wachaga wa Kilutheri wanaofanya biashara Kariakoo, na kuimba nasi siku ya Bwana, wametoka katika mlango ule uliofungwa mwaka 1849. Tumewauliza baadhi yao juu ya Rebmann, nao walijua theluji, hawakujua hongo.

Mwaka 1875 Rebmann aliondoka Afrika, amekuwa kipofu. Alikuwa amekaa miaka 29, asirudi kwao hata mara moja. Alikwenda kukaa Korntal, alikokaa Krapf, na wazee wale wawili waliokuwa wamebishana juu ya mnyororo na shamba wakawa majirani tena. Rebmann alifariki tarehe 4 Oktoba 1876. Krapf akaitengeneza ile kamusi ya Kinyasa ya mwenzake ipate kuchapwa. Naye akafariki Novemba 1881, akazikwa huko huko Korntal.

Kipofu yule hakusafiri peke yake kutoka Rabai hata Ulaya. Aliyemshika mkono njiani, melini na katika miji ya kigeni, alikuwa Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja. Alipokwisha kumfikisha, Nyondo alirudi kwao, akaendelea na kazi ya Kanisa.