Valeri Kharlamov: Nyota wa ridhaa asiyeulizwa ridhaa yake

ASUBUHI ya Agosti 27, 1981, gari aina ya Volga liliteleza katika barabara iliyolowa mvua nje ya jiji la Moscow, katika njia kuu iendayo Leningrad, likahamia upande wa pili na kugongana na lori. Watu watatu waliokuwamo walifariki dunia: mwanamke aliyekuwa akiendesha, jamaa yake, na mumewe. Mume huyo alikuwa Valeri Kharlamov, mwenye umri wa miaka 33, mchezaji aliyependwa kuliko wote katika mpira wa magongo wa barafuni wa Umoja wa Kisovieti.

Siku hiyo wachezaji wenzake walikuwa Canada, maelfu ya kilomita kutoka Moscow, wakijiandaa kwa michuano ya Kombe la Canada. Kharlamov hakuwa nao kwa sababu kocha, Viktor Tikhonov, alikuwa amelikata jina lake siku chache tu kabla ya safari. Laiti jina hilo lingebaki katika orodha, asubuhi hiyo asingekuwa barabarani. Warusi wengi hawakumsamehe Tikhonov kwa uamuzi huo, ingawa hakuna kocha anayeweza kuona yaliyo mbele.

Maisha ya Kharlamov hayawezi kueleweka bila kugusa jambo moja lililoisumbua michezo ya dunia kwa miongo mingi, nalo ni mpaka kati ya wanaocheza kwa malipo na wanaocheza kwa ridhaa. Kwa mujibu wa kanuni za Olimpiki, Kharlamov alikuwa mchezaji wa ridhaa tangu ujana hadi kifo chake. Kwa kumbukumbu za serikali, kazi yake ilikuwa uanajeshi. Kwa macho ya kila aliyemwona uwanjani, hakuwa na kazi nyingine yoyote ila kufunga mabao.

Alizaliwa Moscow Januari 14, 1948, na akapewa jina la rubani mashuhuri, Valeri Chkalov. Baba yake, Boris, alikuwa fundi wa kiwandani. Mama yake, Carmen, alikuwa Mhispania wa jimbo la Basque, mmoja wa watoto wapatao 3,000 waliopelekwa Urusi mwaka 1937 kukimbia mabomu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Vita vilikwisha, upande ulioshinda ukawa ule uliokuwa adui wa Moscow, na watoto wale wakabaki ugenini hadi wakawa watu wazima. Mwaka 1956, milango ilipofunguliwa kidogo, mama huyo alimchukua mwanawe hadi Bilbao, wakakaa huko miezi kadhaa kisha wakarudi. Katika taifa ambalo raia wa kawaida hakuwahi kuona nje ya mipaka yake, mtoto wa miaka minane alikuwa ameuona ulimwengu wa pili.

Mwaka 1961 ugonjwa wa koo ulimshukia ukaacha madhara moyoni. Madaktari walikataza michezo yote, mbio, kuogelea, hata mazoezi ya shuleni. Mama alitii. Baba, ambaye naye alicheza magongo kwa kujifurahisha katika timu ya kiwanda, alisubiri kidogo, kisha akamchukua kijana kimyakimya hadi kiwanja cha barafu cha CSKA, klabu ya jeshi, bila mkewe kujua. Kijana alikuwa na miaka 14, lakini kwa umbo lake dogo makocha walimdhania wa umri wa chini zaidi, wakampokea. Siri ilipokuja kufichuka nyumbani, tayari alikuwa na afya kuliko alivyokuwa kitandani.

Huko CSKA alimkuta Anatoly Tarasov, mwalimu aliyeujenga mchezo huo nchini mwake karibu kutoka mwanzo. Hapa msomaji asiyeufahamu anahitaji maelezo kidogo. Timu hucheza watu sita kila upande, akiwamo kipa, wote wakiwa na viatu vyenye makali ya chuma, na badala ya mpira hupigwa kisahani cha raba ngumu. Muda ni vipindi vitatu vya dakika 20. Kumkumba mpinzani kwa bega ni halali, na Wacanada, ambao ndio wazazi wa mchezo huu, waliufanya ukumbaji kuwa nguzo ya uchezaji wao. Tarasov aliamua kwamba Warusi wasiige. Wao wangecheza kwa pasi na kasi, kama dansi.

Hata hivyo, Tarasov mwenyewe hakumwamini Kharlamov mwanzoni. Mchezaji wa kimo cha sentimita 173 alionekana kuwa mtoto mbele ya mabeki wa siku zile. Mwaka 1966 alimpeleka Chebarkul, mji mdogo wa kijeshi katika eneo la milima ya Ural, akaichezee Zvezda, timu ya daraja la chini. Kwa kijana wa Moscow, hiyo ilikuwa sawa na kufungiwa stoo. Alifunga mabao 34 katika mechi 40. Kabla msimu haujaisha alikuwa ameitwa nyumbani, na mwaka 1968 akawekwa upande wa kushoto pamoja na Vladimir Petrov na Boris Mikhailov. Petrov alikuwa na nguvu na ubishi, Mikhailov alisimama mbele ya lango akipigwa na kupiga, na Kharlamov alipita katikati ya watu. Watatu hao ndio waliokuwa roho ya CSKA na ya timu ya taifa kwa zaidi ya miaka 10.

Aliposhinda ubingwa wa dunia kwa mara ya kwanza, mwaka 1969 mjini Stockholm, mgogoro wa ridhaa na malipo ulikuwa ukichemka. Wacanada walichoka kupeleka wanafunzi na wachezaji wa ngazi ya chini, maana nyota wao wote walikuwa NHL, ligi ya kulipwa ya Amerika Kaskazini, na hawakuruhusiwa. Waliona, na si bila haki, kwamba maofisa wa jeshi wa Moscow wanaofanya mazoezi karibu mwaka mzima ni watu wa kulipwa kwa jina jingine. Shirikisho la kimataifa lilikubali Canada itumie wachezaji tisa wa kulipwa wasio wa NHL katika michuano ya 1970. Kisha likabadili msimamo Januari mwaka huo, baada ya Avery Brundage, rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, kuonya kwamba watakaocheza dhidi ya wa kulipwa wangeweza kupoteza haki ya kwenda Olimpiki. Canada ilijitoa, ikakaa nje ya ubingwa wa dunia hadi mwaka 1977. Michuano hiyo ya 1970, iliyokuwa ifanyike kwao, ikahamishiwa Stockholm.

Swali la nani bora lilijibiwa barafuni Septemba 1972, katika mechi nane kati ya nyota wa NHL na timu ya Kisovieti. Usiku wa Septemba 2 mjini Montreal, Phil Esposito alifunga katika sekunde ya 30, na baada ya dakika saba hivi Canada ilikuwa mbele 2-0. Wengi ukumbini waliamini kwamba mambo yamekwisha. Warusi walisawazisha kabla ya mapumziko ya kwanza, na katika kipindi cha pili Kharlamov akapokea kisahani upande wa kushoto, akamkimbilia beki kwa kasi, akapita pembeni yake na kumfunga kipa Ken Dryden. Aliongeza jingine katika kipindi hicho hicho. Mchezo ulimalizika 7-3, na waliopoteza ni mabingwa wa kulipwa.

Taarifa za wakati ule zilieleza kwamba Harold Ballard, mmiliki wa Toronto Maple Leafs, alikuwa tayari kutoa dola milioni moja ili ampate Kharlamov. Kiasi hicho si cha kubezwa. Mwaka huo huo Bobby Hull, mmoja wa nyota wakubwa wa NHL, alikuwa ameihama ligi hiyo na kujiunga na ligi mpya ya upinzani, WHA, kwa fedha za usajili zinazolingana na hizo. Hull alisaini mkataba kwa mkono wake. Kharlamov hakupelekewa karatasi yoyote, kwa kuwa kisheria hakuwa na kitu cha kuuza. Alikuwa mali ya jeshi, na jeshi halikuwa sokoni.

Septemba 24, katika mechi ya sita mjini Moscow, Bobby Clarke alimfuata kutoka nyuma na kumpiga gongo kwenye kifundo cha mguu. Hakikuwa kitendo cha bahati mbaya. John Ferguson, kocha msaidizi wa Canada, alikiri baadaye kwamba ndiye aliyempa Clarke wazo hilo, na Clarke naye hakukana. Kharlamov aliikosa mechi ya saba, akarudi katika ya nane huku akichechemea. Canada ilishinda 6-5 kwa bao la Paul Henderson zikiwa zimebaki sekunde 34, na ikautwaa ushindi wa jumla kwa michezo minne dhidi ya mitatu na sare moja. Nchini Canada bao hilo husimuliwa hadi leo. Pigo lile la gongo husimuliwa kwa sauti ya chini zaidi.

Tukio la Januari 11, 1976, mjini Philadelphia linaonyesha vizuri zaidi nani alikuwa akilipwa na nani alikuwa akipigwa. CSKA ilikuwa katika ziara ya kucheza na klabu za NHL. Beki wa Philadelphia Flyers, Ed Van Impe, alimkumba Kharlamov kichwani na kumlaza barafuni, na mwamuzi hakutoa adhabu. Kocha Konstantin Loktev aliwatoa wachezaji wake uwanjani. Baada ya muda mfupi walirejea, kwa sababu walikumbushwa kwamba wakigoma, malipo ya ziara yasingetolewa. Fedha hizo hazikuwa za Kharlamov wala za yeyote aliyevaa viatu vya barafu siku ile. Walipoteza 4-1.

Si kwamba aliishi kwa dhiki. Alikuwa na mshahara wa kijeshi, zawadi za medali, nyumba Moscow, na gari la Volga, ambalo raia wa kawaida aliliota tu. Lakini sehemu kubwa ya mwaka aliishi kambini Arkhangelskoye, akirudi kwa familia kama mgeni. Na Volga ilimdhuru mara mbili. Mei 1976, siku chache baada ya harusi yake na Irina, alipata ajali na kuvunjika mguu na mbavu. Madaktari walitilia shaka kama angecheza tena. Novemba mwaka huo alirudi barafuni dhidi ya Krylya Sovetov, akafunga, na ukumbi mzima ukasimama.

Hakuwa tena yule wa 1972, ingawa medali ziliendelea kuja. Kwa jumla alitwaa ubingwa wa dunia mara nane, ubingwa wa nchi yake mara 11, na dhahabu za Olimpiki mbili, ya Sapporo 1972 na ya Innsbruck 1976. Katika ligi ya nyumbani alifunga mabao 293 katika mechi 438.

Olimpiki yake ya tatu ilimwachia fedha. Februari 22, 1980, katika mji wa Lake Placid, Warusi walifungwa 4-3 na timu ya Marekani iliyojaa vijana kutoka vyuo vikuu. Kwa miaka mingi Moscow ilikuwa imesisitiza kwamba wachezaji wake ni wa ridhaa. Siku hiyo walifungwa na watu wa ridhaa kwelikweli.

Kufikia majira ya joto ya 1981 alikuwa amekwisha kuwaza kustaafu baada ya msimu mmoja zaidi. Kisha ukaja uamuzi wa Tikhonov, na baada yake ajali. Wenzake hawakurejea kwa mazishi. Walibaki Canada, na Septemba 13 waliwafunga wenyeji 8-1 katika fainali ya Montreal, mji ule ule ambao miaka tisa nyuma ulimjulisha Kharlamov kwa dunia. Watoto wake wawili wadogo walilelewa na bibi na babu.

Jezi namba 17 iliondolewa katika matumizi ya timu ya taifa, na ndiyo maana Ilya Kovalchuk, aliyeivaa namba hiyo NHL kwa kumuenzi, alipoichezea Urusi aligeuza tarakimu akavaa 71. KHL, ligi ya kulipwa iliyoanzishwa mwaka 2008 huko Urusi, ina kundi lenye jina lake, na kombe la ligi ya vijana ya nchi hiyo huitwa Kombe la Kharlamov. Mwaka 2005 aliingizwa katika jumba la watukufu wa mchezo huo lililoko Toronto, jiji la Ballard, bila kuwahi kucheza hata msimu mmoja katika NHL.

Ruhusa aliyoikosa ilipatikana mwaka 1989, pale Sergei Priakin alipokwenda Calgary Flames kwa idhini ya Moscow, akifuatiwa mwaka huo huo na Vyacheslav Fetisov, aliyewahi kuwa mchezaji mwenzake mdogo katika CSKA. Mwaka 1994 Washington Capitals ilimchagua katika nafasi ya 15 mshambuliaji chipukizi wa CSKA, Alexander Kharlamov, ambaye hakuwa ametimiza miaka sita baba yake alipofariki. Alivuka bahari akiwa na mkataba wenye jina lake. Alicheza katika ligi za chini za huko, lakini hakupata hata mechi moja ya NHL.