Frumentius, kijana mateka aliyepata kuwa askofu wa Aksum



Mwezi uliopita, katika somo la dini la kalasi yetu ya sita, kulitokea mabishano makubwa. Mwenzetu mmoja aliuliza namna gani Yesu anaweza kuwa Mungu, ikiwa alisikia njaa, alilala usingizi ndani ya mashua, na alilia machozi pa kaburi la Lazaro. Mwingine akajibu kwamba ile ni shauri ya Wazungu, waliileta pamoja na misioni, sisi Waafrika haituhusu. Kengele ikalia, tukaenda kula sombe, lakini kelele iliendelea mpaka saa ya kuzima taa. Mimi kapita nilipaswa kuwanyamazisha watu. Kumbe nilikuwa ninabishana kupita wote!

Basi nimetafuta habari za mtu mmoja ambaye shauri hiyo ilimkuta huku upande wetu wa Afrika, miaka zaidi ya 1500 mbele ya mmisionere wa kwanza kukanyaga Kivu. Jina lake Frumentius.

Alikuwa mtoto wa mji wa Tiro, katika nchi ya Lebanoni ya leo. Mwalimu mmoja mwenye elimu, Meropius, alitaka kuona nchi za mbali, akachukua vijana wawili wa jamaa yake aliokuwa anawafundisha: Frumentius na Aedesius. Wakati wa kurudi, katika Bahari ya Shamu, chombo chao kilisimama pwani kutafuta maji na chakula. Wenyeji wa pale walikuwa na kisa na Warumi juu ya agano lililovunjika. Wakaingia, wakaua Meropius na watu wote wa chombo. Vijana wale wawili walikutwa chini ya mti, wanasoma masomo yao. Wauaji wakawahurumia, wakawapeleka kwa mfalme. (Wale wanaotupa daftari mara tu mwalimu anapotoka, wafikiri kidogo.)

Mfalme huyo alikuwa wa Aksum, mji wa milimani, kaskazini ya Ethiopia. Haukuwa mji mdogo. Ulifanya biashara ya pembe za ndovu mpaka mbali, na ulitengeneza feza zake wenyewe za zahabu. Aedesius alipewa kazi ya kumtilia mfalme kinywaji. Frumentius, juu ya akili yake, aliwekwa kwenye hazina na maandiko. Baadaye mfalme akafa, akaacha mjane na mtoto mdogo. Kabla ya kufa aliwapa vijana uhuru wao, lakini mama malkia aliwasihi wabaki wamsaidie kutawala mpaka mtoto akomae. Walikubali. Ni hapo Frumentius alianza kuwatafuta wafanyabiashara Wakristo waliopita nchini, akawapatia mahali pa kusali.

Mtoto akakua, akashika ufalme. Vijana wale, ambao sasa walikuwa watu wazima, wakaaga. Aedesius alikimbia nyumbani kwa wazazi wake, na mimi simlaumu hata kidogo. Lakini Frumentius hakufika Tiro. Alishika njia ya Aleksandria huko Misri, akaenda kwa askofu Athanasius kumwomba atume askofu kwa Wakristo wa Aksum. Athanasius akamsikiliza, akaona hakuna wa kufaa kupita yeye mwenyewe. Akamwekea mikono, akamrudisha kule alikofungwa.

Sasa ni lazima nieleze Athanasius ni nani, maana bila yeye kisa hakieleweki. Katika mji ule ule wa Aleksandria kulikuwa kasisi jina lake Arius. Alifundisha kwamba Mwana aliumbwa na Baba mbele ya vitu vyote. Yeye iko juu ya malaika, lakini ni kiumbe, na kuna wakati hakuwako. Mafundisho hayo yalipendwa sana, kwa sababu ni mepesi kueleza. Mwaka 325 Kaisari Konstantino aliita maaskofu karibu 300 kule Nicea, na wao wakaandika kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba. Athanasius alikuwako, angali shemasi kijana. Mwaka 328 akawa askofu wa Aleksandria, na neno lile la asili moja lilimtesa maisha yake yote: alifukuzwa mara 5, karibu miaka 17 nje ya kiti chake.

Juu ya neno moja tu? Hivi ndivyo nilivyoelewa mimi. Mtu akizama katika ziwa letu hapa Bukavu, mwenzake anayezama naye hawezi kumtoa. Inatakiwa mwenye mguu juu ya jiwe. Lakini akisimama tu juu ya jiwe, na mkono wake haufiki ndani ya maji, ni kazi bure. Athanasius aliona kwamba kiumbe hawezi kuokoa kiumbe. Na tena kwamba Neno alitwaa mwili wa kweli, wenye njaa na machozi, ili afike pale tulipo. Ukiondoa upande mmoja, tunabaki majini.

Turudi Aksum. Konstantino alikufa, na mtoto wake Constantius hakupenda lile neno la Nicea. Mwaka 356 askari waliingia kanisani usiku wakati wa ibada. Athanasius akaponyoka, akajificha jangwani kwa watawa. Georges akawekwa mahali pake. Ndipo Kaisari alipoandika barua kwa mfalme Ezana wa Aksum na ndugu yake Sazana: wamtume Frumentius haraka Aleksandria, Georges aichunguze imani yake, kwa maana aliwekwa na Athanasius mkosaji.

Fikirini vile barua ile ilivyokuwa nzito. Kaisari wa Roma ndiye aliyekuwa mkubwa wa njia za biashara, na yule aliyetakwa ni mgeni, mateka wa zamani. Lakini wengi wanaona kwamba Ezana ndiye mtoto yule mdogo ambaye Frumentius alimtumikia wakati mama yake alikuwa anatawala. Hakuna kitabu cha wakati ule kinachosema Frumentius alipelekwa. Mwaka 361 Constantius alikufa, na Georges aliuawa na watu wenye hasira katika mji wake. Na feza za Ezana? Za kwanza zina alama ya mwezi na jua. Za baadaye zina msalaba. Jiwe lake moja la Kigiriki, lililotangazwa mwaka 1970, linataja Baba na Mwana na Roho Mtakatifu.

Mtu anaweza kusema: kama Frumentius angemkuta Arius kwenye kiti siku ile alipofika Aleksandria, angefuata Arius. Labda. Wazo hilo limenisumbua. Lakini wakati wa barua Athanasius alikuwa hana kitu tena, hata kiti, na faida yote ilikuwa upande wa Georges.

Mabishano hayakuisha. Mwaka 451, kule Kalkedoni, maaskofu walisema Kristo ni nafsi moja katika asili mbili. Makanisa yetu ya Kiprotestanti yalirithi maneno hayo. Aleksandria ilikataa, ikisema asili moja ya Neno aliyefanyika mwili, na kanisa la Aksum likawa upande wa Aleksandria mpaka leo. Hawakatai utu wa Yesu, tusiwasingizie. Neno lao Tewahedo maana yake ni kufanywa mmoja. Askofu wao mkuu aliendelea kutoka Misri mpaka mwaka 1951, alipowekwa Mwethiopia wa kwanza, na mwaka 1959 wakapata patriarki wao. Frumentius wanamwita Abba Salama, Baba wa Amani.

Aedesius naye akawa kasisi huko Tiro, na ndiye aliyemsimulia Rufinus, mwandishi wa kisa hiki.

Wenye maulizo wanikute Jumatano baada ya ibada, chini ya mti karibu na kapela. Waje na daftari.

Kapita wenu, kalasi ya 6